Piano iliyoingiwa na moshi: mwongozo wa fundi, tangu siku ya moto hadi siku ya kutyuni (kurekebisha sauti)

Simu huwa inaingia siku ya tatu. Siku ya moto mtu anahesabu watoto na kutafuta vyeti na hati ya nyumba. Siku ya pili anapokea watu wa pole. Siku ya tatu ndipo anageuka sebuleni na kuiona piano imesimama pale pale, imefunikwa na masizi, na kabla hajanipigia, shangazi au dada wa kazi ameshapita na ndoo ya maji ya sabuni. Kwa hiyo haya ningependa uyasome leo, nyumba yako ikiwa salama.

Sizungumzii piano iliyoliwa na moto. Hiyo ni kuni. Nazungumzia ile ambayo moto haukuifikia: kimeungua chumba cha pili, moshi ukapita mlangoni, ukatulia juu yake usiku kucha.

Mfano wangu ni nyumba moja Upanga, Dar es Salaam. Shoti ya umeme ilianzia nyuma ya runinga kwenye chumba cha watoto, majirani wakauzima moto kwa kizimamoto cha unga. Piano ilikuwa sebuleni, Yamaha U1 ya mitumba kutoka Japani, ile ya kusimama yenye kimo cha sentimita 121. Nilipofika, baada ya pole, nikauliza:

"Mama, tangu moto, kuna mtu ameipiga?"

"Fundi, nilijaribu kidogo tu, nione kama bado inalia."

"Na kufuta?"

Akaangalia upande wa jikoni. "Dada alipitisha kitambaa juu. Cha maji. Lakini kidogo."

Hizo "kidogo" mbili ndizo zilizonipa kazi kubwa kuliko moto wenyewe.

Ujue unapambana na nini

Vumbi ukilifuta linaondoka. Masizi ukiyafuta yanaingia. Chembe zake ni ndogo sana na zina mafuta, kwa hiyo kitambaa kibichi kinazipaka juu ya mbao kama rangi ya viatu, na kwenye felti, vile vitambaa vizito vya sufu vilivyo ndani ya piano, zinazama mahali ambapo hutazitoa tena. Ukipiga piano yenye masizi, nyundo za ndani, zile zinazogonga nyuzi, zinayagongelea kwenye sufu yake, na kila kiungo kinachocheza kinayasaga kama msasa. Ndiyo maana mama wa Upanga aliposema amejaribu kidogo, mimi nilitaka kujua kidogo hicho kilikuwa nyimbo ngapi.

Masizi hutegemea kilichoungua. Vitabu, karatasi na mbao kavu zilizowaka kwa moto mkali huacha masizi makavu, ya unga, yanayoinuka ukiyapulizia. Hayo ndiyo rahisi. Godoro, zulia la nailoni, nyaya na plastiki zilizofukuta polepole huacha masizi ya kunata, ukiyagusa yanavutika kidoleni. Halafu kuna moshi wa sufuria ya nyama iliyosahaulika jikoni. Huo huoni kitu, labda utando wa manjano kwa mbali, lakini harufu yake inakaa miezi.

Cha kuogopa zaidi hakionekani. Nyaya za umeme na mabomba mengi ya nyumba zetu ni PVC. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya haidrokloriki, ile ile ya maabara ya sekondari. Ndani ya piano kuna nyuzi za chuma zaidi ya 200, na nguvu ya mvuto wake wote ukiijumlisha inafika tani 18 hadi 20. Waya uliovutwa namna hiyo hauhitaji kuliwa sana na kutu ndipo ukatike.

Na hapa pwani hewa yenyewe ni mbichi na ina chumvi. Piano iliyopata moshi wa plastiki Dar, Tanga au Mombasa inaweza kuonyesha madoa ya rangi ya chai kwenye pini, zile za chuma zinazokaza nyuzi, ndani ya siku chache. Arusha au Moshi unapata nafasi ya kupumua. (Ndiyo, nimeshatengeneza piano ya Moshi iliyoingiwa na moshi. Utani huo nimeusikia.)

Kama kizimamoto cha unga kilitumika, angalia rangi ya unga. Ule wa manjano, ambao ndio umejaa kwenye maofisi na magari, mara nyingi una fosfeti ya amonia. Unavuta maji hewani na ukilowa unakuwa asidi. Ukiuona juu ya fremu ya chuma ya piano, uchukulie kama chumvi juu ya panga: utoke mapema, na utoke ukiwa mkavu.

Siku ya kwanza na ya pili: mikono mfukoni

Usiipige, usiifute, usiipulizie kitu. Ikiwa kifuniko kilikuwa kimefungwa wakati wa moto, kiache hivyo hivyo, kwa sababu masizi yaliyolala juu yake yatamwagika ndani mara utakapokifungua. Kama kilikuwa wazi, kiache wazi mpaka umevuta masizi ya juu. Waambie watu wa nyumbani kwa sauti, maana wanaokuja kusaidia ndio hatari. Mimi huwa nawaambia wabandike karatasi: USIGUSE PIANO. Inaonekana kama ukali, lakini inafanya kazi.

Funika kwa shuka safi la pamba. Usitumie turubai wala nailoni, hasa pwani, kwa sababu unyevu utanaswa chini yake na kuipa asidi kile kile inachokitaka.

Piga picha kabla hujasogeza chochote: piano nzima, ukuta nyuma yake, dari, chumba kilichoungua, na mlango uliopitisha moshi. Kama una bima, soma mkataba wako ujue unasema nini kuhusu moshi, toa taarifa mapema, na uliza kama watataka ripoti ya Zimamoto au polisi. Mkaguzi atataka jina la kiwanda na namba ya piano. Namba hiyo kwa kawaida imepigwa kwenye fremu ya chuma, utaiona juu siku kifuniko kitakapofunguliwa. Usianze kusafisha kabla mkaguzi hajaiona piano au hajakuruhusu kwa maandishi. Piano iliyosafishwa vizuri ni vigumu kumshawishi mtu kwamba iliharibika.

Kiyoyozi cha nyumba iliyoungua usikiwashe mpaka chujio lake limeoshwa, na feni usiiwashe kabisa. Vyote viwili vitayachukua masizi ya chumba cha watoto na kuyaleta sebuleni.

Siku ya tatu: itoe kwenye moshi

Piano ikibaki kwenye chumba chenye kuta nyeusi, kila utakachosafisha kitachafuka tena. Kabla ya kuisogeza, vuta masizi ya juu kwa vakyumu yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata chembe ndogo sana. Vakyumu ya kawaida inafyonza mbele na kutema nyuma, na chembe ndogo ndizo inazotema. Shika mdomo wake sentimita moja hivi juu ya mbao, usiuburuze. Masizi yaliyolegea yatapanda yenyewe.

Vaa barakoa ya N95, glavu za mpira na mikono mirefu. Masizi ya plastiki yana sumu, na baadhi ya kemikali zake zinasababisha saratani. Fundi anayejifanya mzoefu kwa kufanya kazi hii kifua wazi, mwache aende.

Piano ya kusimama ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na mzito ni upande wa nyuma kwenye fremu. Watu wanne, kitoroli chenye magurudumu, na mtu mmoja wa kuamuru. Usiibebe kwa kushika ubao wa mbele wa vibonyezo. Ipeleke kwenye chumba kikavu, mbali na jua na mbali na jiko, na ukiweza uweke kiyoyozi kwenye kazi ya kukausha hewa mpaka kipimo cha unyevu kisome kati ya asilimia 45 na 55. Usishuke chini ya hapo kwa haraka. Ubao wa sauti, ule ubao mpana wa mti wa sprusi ulio nyuma ya nyuzi, una unene usiofika sentimita moja, na ukikaushwa ghafla unapasuka.

Kipimo cha litmasi

Hiki nilijifunza kwa kuchelewa, na sasa siendi kazini bila hicho. Karatasi za bluu za litmasi zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara za shule. Lowesha ncha ya karatasi kwa tone la maji yaliyotoneshwa, yale ya betri ya gari yasiyo na asidi, kisha igusishe kwenye fremu ya chuma, kwenye pini moja, na juu ya mbao kwa ndani. Hesabu mpaka kumi. Ikigeuka nyekundu, una asidi, na kazi ya ndani haisubiri wiki ijayo. Pale ulipogusa, kausha hapo hapo kwa pamba.

Upanga, fremu ilileta nyekundu upande wa kulia na bluu upande wa kushoto. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa kulia. Moshi ulikuwa umeacha ramani.

Kusafisha kwa nje

Anza juu, shuka chini. Baada ya vakyumu, chukua sponji kavu ya mpira, ile inayouzwa kwa kufutia masizi. Dar huipati kirahisi. Agiza mtandaoni ikae kabatini, ni bei ndogo. Haitaki maji. Unaipitisha kwa mstari mmoja mrefu, kuelekea upande mmoja, bila kuzungusha. Ikiwa nyeusi upande mmoja unaigeuza, ikijaa unaikata tabaka kwa kisu na kuendelea. Ukiikosa, tumia kitambaa laini kikavu kwa kugandamiza na kuinua, kama unavyofyonza wino uliomwagika. Usisugue.

Masizi ya kunata hayatoki yote kwa sponji, na hapo ndipo lazima ujue rangi ya piano yako ni ya aina gani. Piano za Japani na nyingi za kisasa zimepakwa poliesta, ngumu na yenye kung'aa kama kioo. Hizo zinavumilia kitambaa kilichochovywa kwenye maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, kikakamuliwa mpaka kikaribie kukauka, kisha kitambaa kikavu mara moja nyuma yake. Piano za zamani za Ujerumani na Uingereza, zilizoletwa enzi za misheni na wakoloni, nyingi zimepakwa sheleki, vanishi ya zamani, na sheleki huyeyuka kwenye spiriti. Kujua, gusa tone la spiriti kwa pamba mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ubao wa chini. Pakinata baada ya nusu dakika, acha, ita fundi wa samani za kale. Usitumie Jik, Vim, petroli wala thina kwenye piano ya aina yoyote.

Kuifungua

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe mpaka kiwango fulani, nami nitakuambia wapi pa kusimama.

Inua kifuniko cha juu. Ndani, kila upande, utaona kitasa kidogo cha kuzungusha kinachoshika ubao wa mbele. Vizungushe vyote viwili na ubao utakuja kwako, uinue kwa mikono miwili. Kifuniko cha vibonyezo kwenye piano nyingi kinatoka kwa kunyanyuliwa, kwenye nyingine kwa skrubu. Ubao wa chini, ule wa magotini, unashikwa na chuma cha springi chini ya meza ya vibonyezo: sukuma springi juu, vuta ubao, umetoka. Kila ubao vuta masizi yake pande zote mbili ukiwa nje ya nyumba.

Sasa simama uangalie kabla hujatia mkono. Juu kuna pini, chini yake safu ya nyundo za sufu, nyuma yake nyuzi. Mafundi tunaiita sehemu yote ile ya nyundo na vijiti vyake "mashine". Angalia mstari wa masizi: mara nyingi upo juu ya nyundo na kwenye pini, lakini chini, magotini, ni pasafi. Hiyo ni dalili njema. Kukiwa kweusi mpaka chini kwenye pedali, moshi ulikaa muda mrefu.

Vuta masizi ya sakafu ya piano, ya pedali, na ya pembeni. Kwenye pini tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, ukisukuma masizi kuelekea mdomo wa vakyumu, usiyaangushe kwenye nyundo. Nyundo zenyewe usiziguse.

Usisahau mgongo. Piano ya kusimama iko wazi nyuma, na ubao wa sauti unatazama ukuta. Moshi unapenda pale penye ubaridi, kwa hiyo upenyo kati ya piano na ukuta unakusanya masizi kuliko mbele. Nimeshaona piano iliyosafishwa mbele ikang'aa, ikanuka mwaka mzima, kwa sababu hakuna aliyeivuta ukutani.

Vibonyezo

Vya plastiki vinafutwa kimoja kimoja kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni, kutoka nyuma kuja mbele, na usiruhusu maji yaingie katikati ya viwili. Vyeusi vifute kwa kitambaa chake tofauti, kwani rangi yake inaweza kutoka na kuhamia kwenye vyeupe.

Vya pembe ya ndovu ni habari nyingine. Utavitambua kwa mstari mwembamba unaokata kibonyezo cheupe pale vyeusi vinapoishia, kwa sababu kila kimoja kiliunganishwa vipande viwili, na kwa mishipa myembamba kama ya mbao. Vimeshikwa kwa gundi ya wanyama, na gundi hiyo inaachia ikilowa. Kitambaa kikavu, basi, na ufutio laini wa wachoraji kwenye madoa. Nikivikuta huwa nakaa navyo kidogo. Katika karne ya 19 pembe nyingi za bara zilishushwa Bagamoyo na kuvushwa Zanzibar, na sehemu kubwa iliishia Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vya kukata vibonyezo vya piano, mpaka kijiji kimoja kule kikaitwa Ivoryton. Baadhi zimerudi Afrika Mashariki zikiwa zimebandikwa kwenye piano za misheni. Ukitaka kuiuza nje piano ya namna hiyo, ulizia kwanza vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, usije ukakwamia bandarini.

Masizi yakiwa yameingia chini ya vibonyezo, vinaweza kutolewa. Hapo mtu mwangalifu anaweza, asiye mwangalifu asithubutu. Vimeandikwa namba 1 hadi 88 kutoka kushoto, lakini mashine lazima itoke kwanza, na chini ya kila kibonyezo kuna viduara vya felti na vya karatasi nyembamba vilivyowekwa kiwandani kusawazisha kimo. Ukivifyonza kwa vakyumu, umenunua kazi ya siku mbili. Funika mdomo wa vakyumu kwa soksi nyembamba ya nailoni.

Pa kusimama

Mashine, nyundo, nyuzi. Hapa mwachie fundi, na kinachofuata ni cha kukuwezesha kujua kama fundi wako anajua.

Mashine inatolewa nzima kwa kulegeza boliti tatu au nne juu yake, inapelekwa nje, na inapulizwa na kufyonzwa kwa pamoja. Felti haioshwi. Nyundo zenye masizi ya juu juu zinapitishiwa msasa mwembamba, kufuata umbo lake, zikabaki na sufu safi. Zikiwa zimenyonya moshi wa plastiki mpaka ndani, msasa hausaidii; zinabadilishwa. Felti ndogo za viungo zikiwa nzito au zinakwama, nazo zinabadilishwa. Mwambie akuonyeshe: chukua nyundo moja iache ianguke yenyewe. Inapaswa kuanguka kama kitu chepesi kinachojua njia.

Nyuzi zinafutwa zikiwa kavu, kwa kitambaa au kwa pedi laini sana, na unga wake unakusanywa usianguke kwenye ubao wa sauti. Fundi akija na mkebe wa mafuta ya kupulizia, mfungulie mlango atoke. Mafuta yakiteremka mpaka kwenye ubao uliofichwa unaoshika pini, pini zinalegea, na piano haitashika sauti tena hata uitengeneze vipi. Nyuzi za besi, zilizozungushiwa shaba, ndizo za kwanza kufa: masizi na asidi zinaingia kati ya mizunguko na sauti inakuwa kama ya kugonga debe lililojaa nguo. Uzi wa besi uliokufa namna hiyo hubadilishwa.

Na kutyuni? Si siku hiyo. Mbao zimetoka kwenye joto la moto, pengine zikapata maji, sasa ziko kwenye chumba cha kukausha. Ipe wiki tatu au nne itulie, ndipo nyuzi zivutwe mpaka noti ya La ifike mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiharakisha utalipa mara mbili.

Harufu

Watu wanataka harufu itoke leo. Haitoki leo. Weka vyombo vya wazi vyenye mkaa uliochakatwa wa kuchujia, au bekingi soda, chini kwenye sakafu ya piano, badilisha kila wiki. Usinyunyize unga wowote ndani. Usipulizie manukato, na tafadhali usiifukize udi ukidhani unaishinda harufu: unaongeza moshi juu ya moshi. Kuna wanaokuja na mashine za ozoni za kutoa harufu kwenye magari. Kwenye piano sizitaki, kwa sababu ozoni inakula mpira na ngozi, na kwa mapafu yako pia si salama.

Jioni funga piano kabisa. Asubuhi, kabla hujanywa chai na pua yako haijazoea kitu, fungua kifuniko cha juu na uvute hewa mara moja. Hiyo ndiyo pua ya kuamini. Ukisikia moshi, rudi mgongoni mwa piano, kwenye felti, na chini ya vibonyezo. Kuna mahali pamebaki.

Kuiacha au kuitengeneza

Nitasema wazi. Fremu na ubao wa sauti vikiwa vizima, vingine vyote vinabadilishwa, ni suala la pesa. Piano nzuri ya Japani au Ujerumani inastahili nyuzi mpya na nyundo mpya. Lakini piano ya kale ambayo kabla ya moto pini zake zilikuwa tayari zimelegea, na ubao una nyufa, usiifanyie kazi ya mamilioni kwa sababu ya huruma. Nimewaambia hivyo wazee wa usharika mmoja, wakanuna, na bado nasema hivyo hivyo. Kama ni kumbukumbu ya marehemu, tunza ubao wake wa mbele au vibonyezo.

Moshi wa kila siku

Piano za kusimama za karne ya 19 nyingi zilikuja na vishikio vya shaba vya mishumaa mbele, moja kulia na moja kushoto, kwa hiyo moshi si mgeni wake. Lakini jenereta inayonguruma chini ya dirisha, kibatari, ubani wa kila Jumapili na udi wa kila Ijumaa vinaacha utando ule ule, taratibu. Pitisha sponji kavu nje mara moja kwa mwezi, na mwambie fundi afungue na kufyonza kila anapokuja kutyuni. Jenereta ihamishwe.

Baada ya miezi sita, rudia litmasi. Upanga tulibadilisha nyuzi saba za besi na felti za viungo vya upande wa kulia, na nyundo tukazipitishia msasa. Niliporudi, karatasi ilibaki bluu kwenye fremu yote na kwenye pini zote isipokuwa tatu za mwisho kulia, zile zilizotazama mlango wa watoto. Nilizing'oa mchana ule ule nikaweka nyingine pamoja na waya mpya. Dada ndiye aliyenishikia taa, akiwa amevaa glavu, kitambaa kikavu begani.